Aliyemla Baba Yangu

Puge, Nzega
3 Juni 2024

Kwako Zeenat Kassamali,

Salamu sikuletei. Salamu hupewa mtu uliyeachana naye vizuri, na mimi na wewe hatukuachana vizuri, ila mimi ndiye niliyechelewa kujua.

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya mradi nilishairudisha dukani kwa baba yako mkubwa pale Ng'ambo, Tabora, na vijana wake wakafuta kila kitu kilichokuwamo mbele ya macho yangu, kama ulivyoagiza. Hata ningekuwa na simu nyingine nisingekutumia neno humo. Nimeona maneno yangu yanavyogeuka yakishaingia kwako. Barua hii nampa kondakta wa basi la Tabora aiache dukani, na wao wanajua njia ya kukufikishia huko Dar es Salaam.

Jumapili baada ya misa, binamu yangu Silasi alinionyesha simu yake. Kwenye kundi la ukoo kuna picha. Niliitambua kabla haijafunguka vizuri, maana niliipiga mimi mwenyewe kwa ajili ya utafiti wako wa misiba na madhila ya wanawake: Bibi Apolinaria, jirani yetu, amekaa ukingoni mwa kaburi la baba, kavaa koti la baba. Uso umemfunika kwa ukungu. Chini umeandika: "Huyu ndiye aliyemla baba yangu." Kisha: mshiriki, mwanamke, miaka 38, wilaya ya Nzega. Silasi akaniambia picha imetoka kwenye maonyesho yako ya mtandaoni, na aliyeileta kwenye kundi ni kaka yangu Wilbroad, aliyeko machimboni Geita. Wilbroad ameandika chini yake maneno mawili tu: Sasa tumejua.

Unajua ulichofanya? Apolinaria ni Mgogo, aliolewa hapa zamani na sasa ni mjane. Sisi ni Wanyamwezi. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya watu kichwani kwenda pwani, wakiomba maji wanapewa matusi kwanza na maji baadaye. Mtani wako akifiwa, unakwenda kumtukana. Unavaa nguo za marehemu, unatembea kama yeye, unajilaza kaburini na kusema mimi ndiye niliyemla, alikuwa na mafuta, nipeni jogoo nitoke ndipo mumzike. Wafiwa wanacheka huku wanalia. Ndivyo alivyofanya Apolinaria kwa baba yangu, naye mtu mzima wa magoti mabovu, akashuka shimoni na kukataa kutoka. Aliyemla baba, kwetu siku ile, lilikuwa jina la heshima.

Na mimi nilikueleza kwa sauti. Nilipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, jua la saa nane, nikakurekodia: "Huyu ndiye aliyemla baba yangu, kamla na koti kalivaa. Bila yeye tusingemzika." Wewe umechukua kichwa ukaacha kiwiliwili.

Ninataka mambo mawili. Ondoa picha leo, na unirudishie sauti yangu nzima, nimsikilizishe Wilbroad kwa masikio yake. Huku kwetu bibi kizee akishaitwa mchawi unajua anaishia wapi. Hilo huhitaji kupigiwa picha.

Levina Emilian


Dar es Salaam
12 Juni 2024

Dada Levina,

Barua yako imenifikia, na matusi yake yamenifikia pia.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Picha ulipiga wewe. Maneno ni yako, sikuongeza hata herufi. Ulitoa ridhaa kwa maandishi na tena kwa mdomo, mbele ya kioo cha simu, kwamba picha na maneno vinaweza kuonyeshwa hadharani. Jina lako halipo, la kijiji halipo, na uso wa yule bibi niliufunika kwa mkono wangu. Kama kaka yako ametambua koti la baba yenu, hilo halikutoka kwangu.

Sasa nikuambie ninachokiogopa. Katika mradi huu huu kuna dada alinitumia picha ya mlango ambao mume wake aliuvunja kwa teke. Baada ya wiki mbili akaniandikia kwamba mlango ulivunjwa na upepo, tafadhali niifute picha. Ujumbe ulitoka kwenye simu yake, lakini maneno hayakuwa yake. Kwa hiyo ninapopata barua ya mwanamke aliyesema wazi nani amemla baba yake, na sasa anadai alikuwa anatania, naomba uniwie radhi, najiuliza nani amesimama nyuma ya kiti chako. Kama ni bibi huyo au watu wake wanakutisha, niandikie neno moja tu, mvua, nami nitaelewa na nitajua pa kupeleka habari.

Hilo la utani halinishawishi. Nimesikiliza maelezo yako yote ya miezi minne na neno utani hukulitaja hata mara moja. Mimi nimezaliwa Ng'ambo, nimesoma Tabora hadi kidato cha sita, sihitaji kufundishwa Wanyamwezi kana kwamba nimeshuka jana kwenye ndege.

Picha itabaki. Nikiiondoa kila anaponifokea mtu, nitakuwa nimewasaliti wanawake wote waliothubutu kusema. Sauti ni mali ya utafiti na utaratibu hauruhusu kuitoa.

Zeenat Kassamali


Puge
20 Juni 2024

Zeenat,

Mvua? Mwezi wa sita, Puge? Hata mtu wa kunitisha angecheka.

Nyuma ya kiti changu hakuna mtu. Kwanza si kiti, ni kigoda, na nyuma yake kuna mbuzi wa mama. Ninayekuandikia ni mimi, mwandiko ni wangu na hasira ni zangu, na zipo nyingine ambazo bado sijaziandika.

Umezaliwa Ng'ambo, nakubali. Ulikua unatuona kupitia dirisha la duka tukija kununua chumvi na viberiti. Sasa unatuona kupitia dirisha la simu. Dirisha limebadilika, wewe umebaki ndani. Ungetoka hata msiba mmoja ukakaa chini na wanawake, ungejua kwamba hakuna Mnyamwezi anayesema "hapa ninatania". Ukishatangaza kwamba ni utani, umeuua. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini asiyejua hapaswi kwenda kuwatangazia wengine.

Nikumbushe ulivyokuwa ukifanya kazi. Kila Alhamisi ulinirudishia picha zangu kwenye kioo, moja baada ya nyingine: baiskeli ya baba, kitanda chake kilichokunjwa godoro, sufuria za msibani. Kila picha unauliza, "Unaona nini hapa?" Mtandao unakatika, unarudi, unauliza tena. Nilidhani ndiyo elimu. Hukuniuliza hata siku moja kitu hicho kwetu kinaitwaje na kinafanya kazi gani. Uliniuliza ninaona nini, halafu ukaandika unachokiona wewe.

Halafu unajisifu umemfunika uso. Huku anayefunikwa uso ni mwizi wa kwenye gazeti, au maiti. Chini ya ule ukungu wako Apolinaria alikuwa anacheka, mdomo wazi, na meno ya mbele hana. Nyuma yake alikuwapo mama yangu, Agnetha, amejishika tumbo kwa kucheka, na siku tatu alikuwa hajafungua kinywa hata kwa uji. Naye umemkata. Mtu yeyote akikiona kicheko kile haulizi swali. Umetoa kicheko ukaacha kaburi na koti.

Wilbroad amefika juzi. Hakuanza kwa mama, alianza kwa mganga, na huko alikwenda na picha yako kwenye simu, mganga akaitazama, akasema hiki ndicho nilichokuwa nakiona kwenye maji. Wilbroad hakuja kumzika baba. Alisema mgodi haukumpa ruhusa, wakati wenzake wawili wa mgodi huo huo walikuja. Mtu ambaye hakuzika hutafuta wa kumlaumu, na wewe umempatia. Nimemwambia ni utani, mama amemwambia ni utani. Anatujibu kwamba utani tunaujua wote, lakini mchawi mwenye akili atajificha wapi kama si ndani ya utani?

Apolinaria haji tena kisimani. Jana asubuhi alikuta kuku wake wamenyongwa, wamepangwa mlangoni. Aliniambia nisije kwake mchana, watu wasinione. Mtu ambaye tangu nikiwa msichana ananiita mpagazi, ananiuliza mzigo wa Mwarabu nimeuficha wapi, sasa ananiongelea kwa sauti ya chini kama anayeomba kazi.

Leta sauti. Leta na uso usiofunikwa. Baraza la kijiji linakaa tarehe tano mwezi ujao, na mwenyekiti, mzee Benjamini, amesema atasikiliza ushahidi wowote utakaokuwepo.

Levina


Kwa barua pepe
22 Juni 2024

Kwa Mtafiti Zeenat Kassamali,

Pole na kazi za ujenzi wa taifa. Anwani yako nimeipata chini ya maonyesho yako, ambayo rafiki yangu wa kule machimboni alinionyesha.

Mimi ni Wilbroad, mtoto wa kwanza wa marehemu Emilian. Ninakuandikia kukushukuru kwa moyo wote. Baba yangu alikufa akiwa na afya yake, alilala Jumanne akaamka ameshakufa, na nyumbani wote waliniambia ni presha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Dada yangu aliogopa kuniambia mimi, akakuambia wewe uliye mbali. Sikumlaumu, wanawake ndivyo walivyo, humwambia mgeni wasichomwambia ndugu. Bila nyinyi wasomi tungeendelea kumsalimia yule bibi na kumpokea na mkeka.

Nina ombi moja dogo. Uso umefunikwa. Naomba unitumie picha ambayo haijafunikwa, na kama una nyingine zake, hasa zinazoonyesha nyumba na njia ya kuingilia, nitafurahi. Tuna kikao na sitaki watu waseme tumemkosea mtu. Tunataka uhakika.

Mungu akubariki kwa kazi hii na akuinue zaidi.

Wako katika kutafuta ukweli,
Wilbroad Emilian


Dar es Salaam
27 Juni 2024

Levina,

Picha nimeiondoa. Nimeiondoa Jumapili, nilipomaliza kusoma barua pepe ya kaka yako, ambayo inanishukuru. Sijawahi kushukuriwa kwa namna ile na sitaki kushukuriwa tena. Nimemjibu kwa mstari mmoja kwamba kazi yangu haikuthibitisha lolote juu ya kifo cha baba yenu.

Sasa la pili, na usipasue karatasi kabla hujamaliza. Sauti yako haipo. Uso nao haupo. Utaratibu wetu ni kwamba sauti ikishanakiliwa kwa maandishi hufutwa, na picha ya asili ikishafunikwa uso hufutwa, ili asije akatokea mtu kama kaka yako akazipata na kuwadhuru nyinyi. Nilizifuta mwenyewe mwezi wa tatu. Nilijiona mwangalifu siku ile.

Yaliyobaki ni maandishi ya ulichosema. Nimeyachapa na kuyapiga muhuri wa idara, yamo ndani ya bahasha hii. Utaona sentensi yote ipo. Utaona pia mahali nilipoandika kwenye mabano kwamba unacheka. Nilikisikia kicheko chako. Nilikiandika kuwa kicheko, na moyoni nikakihesabu kuwa uchungu.

Ndiyo, sentensi ya mwisho niliikata mimi. Lakini isome kama mtu asiyekujua: "Bila yeye tusingemzika." Mimi nilielewa kwamba bila yeye baba yako asingekufa, kwa hiyo kusingekuwa na wa kuzikwa. Ilikuwa inasema jambo lile lile mara mbili, na nafasi ya maelezo chini ya picha ni ya mstari mmoja. Unanitukana kana kwamba nilikaa nikapanga. Sikupanga. Ulinena kwa mafumbo, ukatuma sauti, ukategemea nikujue.

Sitakuja Puge. Msimamizi wangu amenikataza kuonana na mshiriki yeyote mpaka suala hili lijadiliwe, na hata asingenikataza ninaogopa. Umesema mimi ni mtu wa dirishani. Basi mtu wa dirishani akisimama katikati ya baraza lenu, nani atamsikiliza?

Tumia hayo maandishi.

Zeenat


Puge
8 Julai 2024

Zeenat,

Nimeyatumia. Nikueleze yalivyofanya kazi.

Mzee Benjamini aliyasoma mwenyewe, amevaa miwani, anasoma taratibu kama waraka wa askofu. Akasoma "Huyu ndiye aliyemla baba yangu". Akafika kwenye mabano yako akasoma nayo kwa sauti ile ile: anacheka. Watu wakanigeukia. Wilbroad akasimama akasema, "Kumbe dada yangu alikuwa anacheka, na baba udongo wake haujakauka." Baada ya hapo ile "bila yeye tusingemzika" ikasomwa, na nakuambia, nusu ya watu waliielewa kama ulivyoielewa wewe. Vijana ndio hao, waliokulia Kahama na Mwanza, misiba yao ni ya turubai na kipaza sauti. Wazee walielewa. Lakini wazee hawanyongi kuku.

Nilisimama nikasema ni utani, nikaeleza kila kitu kuanzia jogoo hadi koti. Kijana mmoja akauliza kwa adabu kabisa: mbona ulipokuwa huru, unaongea na mtu wa mbali asiyekujua, ulisema hivi, na leo mbele ya mtuhumiwa unasema vile? Nikakukumbuka. Ni swali lako lile lile la nani amesimama nyuma ya kiti changu. Wewe umesoma hadi ukachoka na yeye ameishia darasa la saba, na mmekutana mahali pamoja.

Mwisho Benjamini akaona hakuna njia. Akasema Apolinaria ashike Biblia aape kwamba hakumla Emilian. Alisema kwa nia njema, ili yaishe. Nami nilifurahi, kwa sababu nilikuwa na hofu ya kiberiti.

Sijui kama unaweza kulielewa hili, ila nitakuandikia. Mtani haapi. Ukimwambia mtani "umemla baba yangu", anakujibu "na wewe nitakumaliza Jumamosi". Hiyo ndiyo nguvu yake yote. Yule mama alisimama katikati ya watu waliozoea kumtukana na kutukanwa naye, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasema: "Mimi Apolinaria sikumuua Emilian. Emilian alikuwa ndugu yangu. Naomba msinichomee nyumba." Hakuna aliyecheka. Mama yangu aliondoka kabla baraza halijafungwa.

Yameisha, kama watu wanavyosema. Wilbroad alimpa mkono, akarudi Geita kesho yake. Kuku hawakulipwa na hakuna aliyeuliza.

Nimekuandikia ili ujue maandishi yako yalifika. Usinijibu.

Levina


Dar es Salaam
5 Agosti 2024

Dada Levina,

Umeniambia nisijibu, na nimekaa mwezi mzima nikitii. Leo ninavunja kwa sababu kuna jambo siwezi kulifanya bila wewe.

Kwanza namshukuru Mungu kwamba bibi yuko salama. Sikupata usingizi mzuri mpaka barua yako ilipofika. Unaweza kunicheka.

Kamati ya maadili ya idara ilinisikiliza wiki iliyopita. Niliwaeleza yote bila kujitetea: kukata sentensi, ukungu usoni, kufuta sauti. Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima kutoka Singida, alifuta machozi. Wakasema kosa hili halipaswi kufichwa, kwamba watu wengi siku hizi wanafanya utafiti kwa picha na kioo bila kukanyaga wanakozungumzia, na wanapaswa kujua. Wamenitaka niandike makala. Nimeshaanza. Ninafikiri itakuwa kazi ya maana kuliko maonyesho yote yaliyotangulia.

Ninaomba ridhaa yako nitumie barua zako. Zote, kama ulivyoziandika, na matusi yake. Hakuna maelezo yangu yatakayoeleza jambo hili kama ile ya baraza. Jina lako litafichwa, utachagua mwenyewe jina la bandia unalolipenda. Ningependa pia, kama itawezekana, picha moja tu ya Bibi Apolinaria, safari hii kwa hiari yake, uso wazi, akicheka, ili watu waone nilichokifuta. Naweza kukutumia simu kupitia dukani.

Safari hii sitakata neno. Naahidi utasoma kila mstari kabla haujatoka.

Zeenat


Puge
24 Septemba 2024

Zeenat,

Jibu ni hapana. Barua zangu usizichapishe, usizisome mbele ya kamati, usinichagulie jina. Nimemwambia kondakta kwamba mzigo wowote kutoka dukani kwenu aurudishe, na simu ikija nitaitumbukiza chooni.

Unasema kosa lako sasa limekuwa kazi yako ya maana. Ulikula picha, sasa unataka kulamba sahani. Mama wa Singida amelia, vizuri, machozi ni ya kwake. Mimi nikusaidie uwe mtafiti bora ili iweje?

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini mama amefariki, Jumatano iliyopita, na sina mwingine wa kumwandikia hasira hii kwa sababu wengine wote wa hapa walikuwapo na wameona.

Nilituma mtu kwa Apolinaria kabla hata ya kutuma kwa padri. Alikuja upesi. Aliosha maiti pamoja na wanawake wengine, mikono yake ikifanya kila kitu vizuri, kinywa chake kimefungwa. Nguo za mama nilizitandaza makusudi kwenye kamba ya mlangoni, kanga zake za Pasaka na ile sweta ya kijani, pale pale mwizi anapopita, ili azichukue. Aliziona. Alizianua, akazikunja moja moja, akaziingiza ndani kwenye sanduku.

Makaburini nilikuwa nimemfunga jogoo tayari chini ya mti wa mkuyu, mkubwa kuliko wa baba. Jeneza likaletwa, likashushwa, udongo ukarudi. Hakuna aliyelala shimoni. Hakuna aliyedai chochote. Watani wengine watatu walikuwapo, wamekuja kutoka Nzega mjini, wamekaa nyuma na wageni, wamefumbata mikono. Padri akatazama saa yake, akaniambia kwamba msiba wetu umekwenda kwa utulivu mkubwa. Wilbroad safari hii alikuwapo, alisimama kichwani mwa kaburi, na alikuwa anatazama huku na huku. Mtu huyo huyo aliyeleta yote, nakuapia alikuwa anamngoja mtu wa kumtukana ili apate kulia.

Tuliporudi nyumbani nikashindwa kuvumilia. Wanawake wote wakiwa wamekaa, nikamwendea Apolinaria mbele yao, nikasimama, nikamwambia kwa sauti: "Wewe Mgogo, hata msibani umekuja kuomba? Mama yangu umemla, sasa unangoja na wali?"

Aliinua kichwa, na kwa muda mfupi nikaona midomo yake imeanza kufunguka. Kisha hakunitazama mimi. Alitazama mikono ya watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa wale wa mlangoni, kuona nani ameshika simu.

Halafu akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama anavyofanya mgeni, akasema, "Pole sana, mwanangu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Levina Emilian